Spika Iliyoandikwa Kulia

Secilia Kaniki alikuwa ameshona nguo za watu kwa miaka thelathini na moja kabla ya kufungua spika yake ya kwanza, na hata hiyo hakuifungua kwa kupenda. Mteja mmoja alimletea redio kubwa ya mbao, ya zamani, ambayo kitambaa chake cha mbele kilikuwa kimeliwa na panya. Alitaka kitambaa tu. Secilia alikivua, akaona ndani yake koni ya karatasi imechanika kutoka ukingoni hadi katikati, kama sketi iliyonaswa na mlango wa gari. Mkono wake ukakataa kuiacha vile. Akachukua karatasi nyembamba ya kuchorea michoro ya magauni, akaibandika kwa gundi iliyochanganywa na maji, akasubiri ikauke, halafu akashona kitambaa alichoagizwa.

Siku ya pili mteja alirudi kuuliza redio imefanywa nini, kwa sababu ilikuwa inasema.

Hiyo ni miaka sita iliyopita. Sasa katika chumba chake cha kushonea, pale Ubiri, nje kidogo ya mji wa Lushoto, cherehani imesukumwa kwenye kona. Nafasi yake imechukuliwa na spika, amplifaya zenye vumbi la enzi na santuri ambazo hakuna anayejua mwenyewe ni nani. Mambo ya karatasi, kitambaa, gundi na mbao Secilia huyamaliza mwenyewe. Yakiwa ya umeme, humpigia simu Hashimu, fundi redio wa Mombo. Hashimu humweleza polepole kama anayemfundisha mtu kuendesha gari, kisha humpakilia vifaa kwenye gari lolote linalopanda mlima.

Mumewe, Anord, ndiye mpimaji wa besi. Anord alifanya kazi kwenye mashine ya mbao kule Shume mpaka alipostaafu, na masikio yake yalistaafu kabla yake. Sikio la kushoto halina kitu. La kulia linasikia mtu akipiga kelele, na pia linasikia, kwa namna ambayo Secilia hajawahi kuielewa, sahani ya chakula ikiwekwa mezani chumba cha pili. Lakini viganja vyake viko sawa. Secilia akimaliza spika humwita, naye huja na kuweka kiganja juu ya sanduku, anafumba macho, anatoa hukumu.

"Hii imeamka," husema. Au, "Hii bado imelala." Hajawahi kukosea, na hilo humuudhi Secilia kidogo.

Mwezi Machi mwaka jana Glory aliingia pale uani akifuatwa na vijana wawili waliobeba sanduku la mbao lililofika kifuani. Glory ni mwanamke wa makamo anayesimamia nyumba ya wageni kwenye barabara ya kwenda Irente, nyumba ya zamani yenye dari refu na meko ya kuotea moto. Sanduku alikuwa amelikuta stoo, chini ya magodoro.

"Mama Jackline, nataka unibadilishie kitambaa tu," alisema Glory. "Rangi ya maziwa, ifanane na mapazia. Nataka niliweke sebuleni, juu yake nipange maua."

Secilia alilizunguka lile sanduku mara mbili. Mbao zake zilikuwa nzito, zimeungwa bila msumari hata mmoja kuonekana. Akaligeuza. Nyuma, kwa rangi nyekundu na herufi za mkono wa mtu aliyejitahidi, palikuwa pameandikwa KUSHOTO.

"Hii ina mwenzake," alisema.

"Mwenzake yupi?"

"Imeandikwa kushoto. Basi kulia iko wapi?"

Glory hakujua, na alikuwa na wageni watano wanaosubiri chakula cha mchana. Lakini Secilia hakumwachia aondoke mpaka alipokumbuka la maana. Katika nyumba ile miaka ya themanini alikaa Mzungu mmoja mtaalamu wa misitu. Alikuwa na mpishi jina lake Sefania, mtu wa Shume. Mzungu alipoondoka aligawa vitu, na inasemekana Sefania alishuka ngazi za nyumba ile na vitu vingi kuliko alivyoweza kubeba. Sefania mwenyewe alikwisha kufariki. Mjane wake, Bibi Bertha, bado yuko.

"Mimi nilitaka meza ya maua," Glory alisema akiwa tayari yuko getini.

"Utapata," alijibu Secilia, na hakufafanua utapata nini.

Wiki ile ile walipanda Shume, yeye na Anord, kwenye pikapu ya Juma, jirani yao, aliyekuwa akienda kupakia karoti. Kwa Anord ilikuwa kama kwenda harusini. Alivaa koti lake zuri, na kila walipopita rundo la magogo kando ya barabara alimtajia Juma yatatoa mbao ngapi, kwa sauti iliyowafanya watu mashambani wainue vichwa. Kulikuwa na ukungu, na baridi ya Shume si ya mchezo. Secilia alijifunga khanga mbili juu ya sweta.

Bibi Bertha walimkuta uani anachambua maharage. Alikuwa mwembamba, amenyooka, na macho yanayomkagua mtu kuanzia viatu.

"Shikamoo mama," alisema Secilia.

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Huyu mwenye koti ni nani?"

"Mume wangu. Sema kwa nguvu, hasikii vizuri."

"Mume asiyesikia ni nafuu," alisema Bibi Bertha, kwa sauti ya kawaida, akawaonyesha mahali pa kukaa.

Walikunywa chai kwanza. Walizungumza habari za mvua, za bei ya kabichi, za ndugu wa upande huu na upande ule, mpaka ikagundulika kwamba shangazi yake Secilia alisoma darasa moja na mdogo wake Bibi Bertha. Hapo ndipo Secilia alipoona amepata mlango, akaeleza kuhusu sanduku.

Bibi Bertha alicheka. "Lile la kulia? Lipo. Lakini lina mtu ndani."

Aliwapeleka jikoni, kibanda cha nje chenye moshi. Pembeni ya mafiga lilisimama sanduku, pacha kabisa wa lile lililoko Ubiri, limegeuziwa ukutani. Ubao wa nyuma ulikuwa umeng'olewa na kuegemezwa kando, na juu yake Secilia alisoma yale maandishi mekundu: KULIA. Na ndani ya sanduku, juu ya majani makavu na matambara, alikaa kuku mwekundu mnene, ametuna manyoya.

"Marehemu ndiye aliyeandika," Bibi Bertha alieleza. "Akifanya usafi alikuwa akiyachanganya, hili linakwenda kule, lile linakuja huku, na Mzungu anakasirika. Basi akayaandika. Mimi nilipoliona hapa nikadhani limeandikwa kulia kwa sababu kazi yake ni kulia. Nikamwambia, mbona halilii? Akasema limemkosa mwenzake na mashine yake. Nikaona, kama halilii, kuku atatagia humo."

"Naomba niangalie kidogo tu," alisema Secilia, akainama na kupeleka mkono.

Kuku alimdonoa kwenye kifundo cha mkono, mara mbili, mahali pale pale.

"Anaatamia," alisema Bibi Bertha. "Amebakiza siku tisa. Ukimhamisha sasa anasusa mayai yote kumi na matatu, na mimi nitakuwa nimepata hasara kwa ajili ya muziki ambao hata sijausikia."

Secilia alitafsiri hali hiyo kwa mumewe kwa sauti ya juu na kwa mikono. Anord alitazama kuku, akatazama sanduku, akatoka nje. Walipomfuata walimkuta anapima uwanja kwa hatua zake. Alitangaza kwamba kuku wa mama huyu wanakaa vibaya, kwamba nyuma ya kiwanda alichofanyia kazi mabanzi yalikuwa yakitupwa bure, na kwamba ndani ya siku tisa atakuwa amemjengea banda lenye ghorofa.

"Ghorofa ya nini?" aliuliza Bibi Bertha.

"Kuku wanapenda kulala juu," alipaza sauti Anord, ambaye safari hii alikuwa amesikia.

Makubaliano yakawa hivyo, banda kwa sanduku. Bibi Bertha aliongeza sharti moja tu. "Likipona, nataka nilisikie. Msilitengeneze halafu mkanisahau huku."

Secilia aliahidi.

Anord alikwenda Shume mara tatu kwa ajili ya lile banda na kila mara alirudi na furaha isiyoelezeka na vipande vya mbao ndani ya mifuko. Vifaranga kumi na mmoja walitotolewa. Siku iliyofuata sanduku la KULIA lilishuka Ubiri kwenye pikapu ya Juma, juu ya magunia ya karoti, likinuka banda.

Secilia aliliosha nje kwa maji ya sabuni na brashi, akaliacha juani kutwa nzima, ndipo akaliingiza ndani. Spika ndogo ya juu, twita, haikuguswa. Lakini ya besi ilikuwa imekwisha. Vizazi na vizazi vya kuku walikuwa wameidonoa koni mpaka ikabaki pindo. Sumaku ilikuwa nzima, na koili, ule mzingo wa waya mwembamba kama uzi ambao ndio unaosukuma koni, ulikuwa mzima pia. Hashimu alimwelekeza kwenye simu jinsi ya kuupima.

"Mama, koni ya namna hiyo huipati tena," Hashimu alisema. "Labda nje ya nchi."

"Koni ni sketi ya mwavuli," alijibu Secilia. "Imefungwa tu kiuno."

Na kweli aliikata hivyo. Alichukua karatasi ya ndani ya mfuko wa saruji, ile ya kaki, akaipangusa, akaipiga pasi. Akachora robo tatu ya duara kwa chaki na uzi, akaikata kwa mkasi wake mzuri ambao hakuna mwingine anayeruhusiwa kuushika. Sketi ya kwanza ilitoka imekaa upande. Ya pili ilikuwa nzito mno. Ya tatu aliiunganisha mshono mmoja wa gundi, mwembamba kiasi kwamba ukipitisha ukucha huuoni. Ukingo wake alizungushia pindo la kitambaa cha pamba alichokipaka gundi ya mpira mara tatu, ili koni iweze kucheza mbele na nyuma bila kuchanika.

Ilibaki kuiweka koili katikati sawasawa, isiguse sumaku upande wowote. Hashimu alimwambia atafute vipande vya plastiki nyembamba ngumu, avichomeke kuzunguka mpaka gundi ikauke, kisha avitoe. Secilia alitafuta nyumba nzima. Alichokipata kilikuwa ndani ya bahasha kubwa juu ya kabati, picha ya eksirei ya kifua aliyopigwa Anord alipokohoa sana mwaka juzi. Unene wake ulikuwa kamili. Akakata vipande vinne.

"Baba Jackline," alimwambia jioni, karibu na sikio zuri, "nimechukua mbavu zako mbili."

"Za kazi gani?"

"Za spika."

Anord alifikiri. "Zikibaki nyingine, zirudishe kabatini," alisema.

Siku ya nne aliunganisha amplifaya, akaunganisha simu yake, akachagua wimbo wa dansi wa zamani wenye gitaa la besi linalotembea. Alianza na KUSHOTO peke yake. Safi. Akaizima, akafungulia KULIA peke yake. Secilia alikaa chini. Sketi ya mfuko wa saruji ilikuwa inaimba. Anord aliweka kiganja, akafumba macho, akasema imeamka.

Ndipo akafungulia zote mbili, na besi ikatoweka.

Haikupungua tu. Ilitoweka. Gitaa lililokuwa linatembea likawa linajikokota kwa mbali, na mwimbaji hakujulikana amesimama wapi, mara yuko dirishani, mara yuko nyuma ya kichwa cha msikilizaji. Secilia aliongeza sauti. Ikawa kelele. Akazima moja, besi ikarudi. Akawasha zote, ikakimbia.

Siku tatu hakushona, na mama wa bibi harusi mmoja alikuja kuuliza gauni akarudi mikono mitupu. Secilia aliamini kosa ni la sketi yake, kwamba karatasi ya saruji haiwezi kukaa meza moja na karatasi ya Ulaya. Alianza kumpigia Hashimu, lakini Hashimu alikuwa msibani Korogwe na simu yake imezimwa. Secilia alisogeza masanduku, akayatenganisha, akayakaribisha, akayageuza yatazamane, akayageuzia ukuta. Mara mbili alichukua kisu ili aitoe koni aanze upya, na mara mbili alikirudisha.

Siku ya tatu mchana Anord aliingia na kikombe cha chai, akamkuta amekaa sakafuni kati ya masanduku.

"Bado zimelala?"

"Moja moja zinaamka. Zikiwa mbili zinalala."

"Kama watoto wetu," alisema Anord. Aliweka kikombe juu ya cherehani. Vitambaa vya mbele vilikuwa bado havijafungwa, koni ziko wazi. Akapiga goti katikati, akaweka vidole vya mkono mmoja juu ya koni ya kushoto, na vya mwingine juu ya ile ya kulia, kwa wepesi, kama mtu anayepapasa tumbo la mjamzito.

"Washa."

Secilia aliwasha amplifaya. Kama kawaida ya mashine zile za zamani, ilitoa kishindo kimoja, *tup*, kabla ya muziki. Anord aliinua kichwa.

"Zima. Washa tena."

*Tup.*

"Tena."

*Tup.*

"Hii inanisukuma," alisema Anord, akiinua mkono wa kushoto. "Na hii inanikimbia. Zinakwenda kinyume, Mama Jackline. Kwenye msumeno wa watu wawili, wote mkisukuma kwa pamoja hamkati gogo, mnabishana tu. Lakini hizi nadhani zinatakiwa zisukume pamoja. Au sivyo?"

Secilia alikuwa ameshafungua kabati na kutoa betri ndogo ya redio. Aliigusisha kwenye nyaya za KUSHOTO, koni ikaruka mbele. Akaigusisha kwa namna ile ile kwenye nyaya za KULIA, koni ikanywea ndani. Alipokuwa analehemu zile nyaya mbili nyembamba za koili, zote rangi moja, alikuwa amezipishanisha, chanya mahali pa hasi. Kosa la dakika moja. Sketi haikuwa na dhambi yoyote.

Alizibadilisha, akawasha.

Kikombe cha chai kilianza kutembea chenyewe juu ya cherehani. Mwimbaji alisimama katikati ya chumba, kati ya masanduku mawili, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila rundo la vitambaa, na mtu angeweza kuonyesha kwa kidole mdomo wake ulipo. Secilia aliweka mkono mdomoni. Anord hakuweka kiganja popote. Alikuwa amekaa kwenye benchi, ameduwaa.

"Imenijia kwa huku," alisema, akionyesha alipokalia.

Secilia alicheka mpaka akalazimika kushika meza. Halafu akamshika mumewe kichwa kwa mikono miwili, jambo ambalo si kawaida yake mchana, akamwambia kwenye sikio la kulia kwamba yeye ni fundi kuliko Hashimu.

"Nini?" alisema Anord, na kwa uso wake ilionekana wazi kwamba amesikia na anataka kuambiwa tena.

Glory alipokuja kuchukua meza yake ya maua alikuta meza mbili, na zinaimba. Alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Aliposema tena, aliuliza kama kitambaa cha rangi ya maziwa kitaharibu sauti. Secilia alimhakikishia kwamba hakitaharibu, mradi hakuna chungu cha maua kitakachowekwa juu, kwa sababu maji na spika haviivi chungu kimoja. Kisha akamweleza kwamba moja kati ya hizo si ya Glory, na mwenyewe ameahidiwa kusikia.

Alhamisi, siku ya soko Lushoto, Juma alimteremsha Bibi Bertha mbele ya nyumba ya wageni. Alikuwa amevaa kitambaa kipya kichwani na amebeba mayai kwenye kikapu. Hakwenda mlango wa mbele. Miguu yake ilimpeleka nyuma, kwenye mlango wa jikoni, na Glory ikabidi amfuate amrudishe.

"Nimezoea huku," Bibi Bertha alisema. "Tulipokaa huku Lushoto nilikuwa naleta maziwa. Miaka minane naleta maziwa, sijawahi kupita sebuleni."

Walimkalisha kwenye kiti kikubwa, mbele ya masanduku, yakiwa yamevaa vitambaa vyao vipya. Secilia aliweka wimbo ule ule wa dansi. Bibi Bertha alisikiliza akiwa amenyooka, kikapu magotini, kama aliye kanisani. Wimbo ulipofika katikati akageuza kichwa polepole.

"Kuna mtu anaimba," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Wakati ule pia alikuwapo?"

"Wimbo wenyewe huenda si huu. Lakini mtu alikuwapo, mama."

"Mimi nilikuwa nasikia du, du, du kupitia ukutani. Nikamwambia Sefania, huyu bwana wako anasikilizaje ngoma peke yake kutwa nzima. Hakuniambia kuna mtu anaimba." Alitazama pale katikati. "Marehemu alikuwa na mambo. Rudisha mwanzo."

Waliurudisha mwanzo mara tatu. Glory, ambaye alikuwa anakunja na kukunjua leso yake, alithubutu kuuliza Bibi Bertha anataka sanduku lake lirudi Shume au lifanyweje. Bibi Bertha alisema kule Shume umeme wenyewe unakatika ovyo, na kuku wamehamia ghorofani na hawataki kusikia habari nyingine. Likae hapa na mwenzake. Ila yeye kila Alhamisi akishuka sokoni atapita, atakaa kwenye kiti hiki, na chai itakuwa na maziwa. Glory alikubali haraka kabla mambo hayajaongezeka.

Ugomvi uliozuka baadaye haukuwa wa Glory, ulikuwa wa Anord. Naye alianza kwenda kila Alhamisi, na akifika tu alikuwa anazungusha kitufe cha besi mpaka vioo vya madirisha vinalia. Bibi Bertha alikuwa anakirudisha.

"Mimi ngoma nimeshasikia miaka minane," alisema. "Sasa namtaka anayeimba."

"Ukipunguza, mimi sina kitu," alilalamika Anord.

Secilia alitafakari wiki mbili. Hatimaye alimsogezea mumewe kigoda kando ya sanduku la KULIA, akamwambia avue viatu na aegemeze nyayo zake kwenye ubao wa pembeni. Besi ikabaki chini kama Bibi Bertha alivyotaka, na Anord akawa anaipata yote kwa miguu, amefumba macho, vidole vya miguu vikicheza ndani ya soksi. Wageni wanaofika kutoka Tanga na Dar es Salaam huwakuta hivyo. Glory ana neno moja tu la kusema, nalo ni kuhusu zile soksi.